Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyewaandikia Watoto

Utangulizi

Kinondo ni eneo la pwani ya kusini ya Kenya, katika Kwale, baina ya Diani upande wa kaskazini na Gasi upande wa kusini. Wenyeji wake walio wengi ni Wadigo. Karibu na bahari umesimama msitu wa Kaya Kinondo, ambao mwaka 2008 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Kaya ilikuwa makao ya mababu, na hata baada ya watu kutoka na kujenga vijiji vyao nje ya msitu, ilibaki kuwa mahali pa makaburi, matambiko na mashauri ya wazee. Mbali na kaya, vijiji hivyo vina misikiti na vyuo vya Kurani. Kwa hivyo, kwa miaka mingi mtoto wa Kinondo amefunzwa maana ya jamaa na walimu wawili: mzee wa ukoo na mwalimu wa chuo. Katika karne ya 20 aliongezeka mwalimu wa tatu, naye ni kitabu cha shule.

Kuja kwa mwalimu huyo wa tatu kulizua maswali ambayo hadi leo hayajapata jibu la mwisho. Kitabu cha mtoto kimweleze nini kuhusu wazazi wake, ndugu zake na majirani zake? Kimweleze kwa lugha gani? Na jamaa itakayochorwa ndani ya kitabu hicho ni ya nani? Miongoni mwa watu wa mwanzo katika pwani ya Kenya waliojaribu kuyajibu maswali haya kwa kalamu, tena kwa Kiswahili, ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947). Wengi humkumbuka kama Kadhi Mkuu, mwanamageuzi wa dini na baba wa mwanazuoni mashuhuri Profesa Ali Mazrui. Ni wachache wanaomtaja katika mijadala ya fasihi na maandishi ya watoto, ilhali sehemu muhimu ya kazi zake ilielekezwa kwao.

Ukoo na Utoto

Sheikh Al-Amin alizaliwa mjini Mombasa mwezi wa Januari 1891, katika ukoo wa Mazrui ambao asili yake ni Omani. Ukoo huo uliitawala Mombasa kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, hadi mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji huo na kuwakamata na kuwahamisha wakuu wa Mazrui. Waliosalia walitawanyika. Baadhi yao walikwenda Takaungu, kaskazini ya Mombasa. Wengine walielekea kusini wakafanya makao yao Gasi, mwendo mfupi tu kutoka Kinondo. Huko Gasi ndiko alikotawala Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyewapinga masultani wa Unguja kwa miaka mingi na ambaye mwaka 1895 aliingia katika vita dhidi ya Waingereza. Vita hivyo vilimalizika mwaka 1896 kwa Mbaruk kukimbilia katika ardhi iliyotawaliwa na Wajerumani. Wakati huo Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka mitano. Hivyo alikua katika ukoo ulioonja utawala, kisha ukaonja kushindwa, na jambo hili linaeleza kwa kiasi fulani kwa nini baadaye alishughulishwa sana na swali la sababu za jamii kuinuka na kuanguka.

Al-Amin hakutoka katika tawi la Gasi bali katika tawi la wanavyuoni wa Mombasa. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alipata elimu yake Makka na akawa miongoni mwa maulamaa wakubwa wa mwambao. Alikuwa katika kizazi cha Wamazrui walioacha madhehebu ya Ibadhi ya mababu zao na kufuata madhehebu ya Shafi, na kwa ajili ya mafunzo yake alitiwa kifungoni Unguja katika utawala wa Sayyid Barghash. Kifungo hicho kilikoma baada ya Sultan huyo kufariki mwaka 1888. Sheikh Ali mwenyewe aliaga dunia mwaka 1894, mwanawe akiwa na umri wa takriban miaka mitatu.

Yatima huyo alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanachuoni na kadhi. Sheikh Suleiman ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Kwa hivyo mtu ambaye baadaye angewafundisha watoto haki za baba na mama hakupata kumjua baba yake vya kutosha. Alichokipata ni kitu ambacho jamii za pwani zimekithamini tangu zamani, yaani malezi ya ukoo, ambapo mtoto wa ndugu ni mtoto wako na mzigo wa yatima hubebwa na wengi.

Elimu

Baada ya masomo ya Mombasa, Al-Amin alisoma pia Unguja, ambayo katika zama hizo ilikuwa kitovu cha elimu ya Kiislamu katika Afrika Mashariki. Miongoni mwa walimu wake huko walikuwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, maulamaa wawili ambao sifa zao zilienea kutoka Lamu hadi Ngazija, na ambao wote walifariki mwaka 1925. Kwao alisoma sheria, tafsiri, lugha ya Kiarabu na elimu nyinginezo zilizompasa mwanachuoni.

Elimu nyingine aliipata kwa kusoma mwenyewe. Alivutiwa na fikra za wanamageuzi wa Misri, hasa Muhammad Abduh na mwanafunzi wake Rashid Rida, aliyekuwa akitoa jarida la Al-Manar mjini Cairo. Wanamageuzi hao walishikilia kwamba udhaifu wa Waislamu mbele ya madola ya Ulaya haukutokana na dini yao bali na ujinga, uvivu na mila zilizoingizwa katika dini bila dalili. Waliamini kwamba tiba ni elimu, na kwamba elimu haina budi kuwafikia watu wa kawaida. Al-Amin aliipokea hoja hiyo, lakini alipotaka kuitekeleza Mombasa alikutana na kikwazo ambacho wenzake wa Cairo hawakukutana nacho kwa kiwango hicho: watu wake hawakukijua Kiarabu.

Mtoto na Kitabu katika Zama Zake

Ili uzito wa kazi yake ueleweke, yafaa kutazama hali ya mtoto wa pwani katika miaka ya 1920 na 1930. Mtoto wa Kiislamu alipelekwa chuoni akiwa mdogo. Huko alijifunza herufi, kisha akasoma juzuu baada ya juzuu hadi akahitimu Kurani. Ulikuwa msingi wenye heshima kubwa, na siku ya kuhitimu ilikuwa sherehe ya jamaa nzima. Hata hivyo, mtoto aliweza kuhitimu bila kuelewa maana ya aliyokuwa akiyasoma. Adabu, heshima kwa wakubwa na wajibu kwa jirani alivipata kwa kuiga na kukanywa, lakini havikumjia kupitia maandishi aliyoweza kuyasoma na kuyafahamu mwenyewe.

Kwa upande mwingine palikuwa na shule. Wamisionari walikuwa wameanzisha kituo Rabai tangu 1846 na Freretown katika miaka ya 1870, na elimu yao iliambatana na dini yao. Serikali nayo ilifungua shule ya watoto wa Kiarabu mjini Mombasa mwaka 1912. Wazazi wengi wa Kiislamu walikuwa na shaka na shule hizo. Walihofu kwamba mtoto akishapelekwa huko angerudi nyumbani akiwa mgeni kwa jamaa yake. Matokeo yake ni kwamba wengi walibaki nyuma katika elimu iliyokuwa ikitoa kazi na sauti katika nchi.

Isitoshe, vitabu vya Kiswahili vilivyokuwa vikitayarishwa kwa ajili ya shule vilikuwa na mwelekeo wake. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Katika miaka hiyo Johnson alishiriki kufasiri hadithi za Kiingereza zilizosomwa sana shuleni, kama vile Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ni hadithi za kusisimua, na wasomaji wengi wa Kiswahili walizipenda. Lakini ndani yake mtoto wa Mombasa au wa Kinondo hakuwaona mama yake, shangazi yake wala jirani yake. Alijifunza kusoma kwa lugha yake habari za jamaa za watu wengine.

Kwa hiyo, mtoto alisimama baina ya vitabu viwili: kimoja alichokiheshimu asikielewe, na kingine alichokielewa asijione ndani yake. Pengo hilo ndilo Sheikh Al-Amin aliloazimia kuliziba.

Sahifa na Al-Islah

Hakuanza na watoto bali na wazazi wao. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu na kusambazwa mjini Mombasa. Mwaka 1932 aliifuatisha kwa gazeti la Al-Islah, lililotumia Kiswahili na Kiarabu. Magazeti haya hayakudumu kwa muda mrefu, ila athari yake ilizidi umri wake. Baadhi ya makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho kimebaki kuwa miongoni mwa mifano bora ya nathari ya Kimvita ya nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Katika makala hizo Sheikh Al-Amin alizungumza na jamii yake kama mtu azungumzaye na watu wa nyumbani kwake. Alilaumu fujo ya mali katika harusi na matanga, ulevi, uvivu wa kufanya kazi za mikono na tabia ya kuwaiga Wazungu katika mavazi na starehe huku watu wakiacha kuwaiga katika bidii na elimu. Alihimiza watoto wasomeshwe elimu ya dini na ya dunia pamoja. Jambo lililokuwa zito zaidi kwa wakati huo ni kwamba alitetea elimu ya wasichana. Alishikilia kwamba mama asiye na elimu hawezi kuwalea watoto wenye elimu, na kwamba kumnyima binti masomo ni kuidhulumu jamaa nzima.

Uamuzi wake wa kutumia Kiswahili ulikuwa na gharama. Katika desturi ya maulamaa, Kiarabu kilikuwa lugha ya elimu, na Kiswahili kilikuwa na nafasi yake katika tenzi na mawaidha. Mwanachuoni aliyetaka kuonyesha daraja yake aliandika Kiarabu. Al-Amin aliweza kuandika Kiarabu kizuri, na historia yake ya ukoo wa Mazrui, ambayo ilichapishwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, aliiandika kwa lugha hiyo. Lakini alipotaka kumfikia seremala, mchuuzi na mwanamke wa nyumbani, aliishusha kalamu yake hadi mahali walipokuwa. Kwake yeye, kueleweka kulikuwa sehemu ya uaminifu wa mwalimu.

Vitabu vya Watoto

Kutoka kwa wazazi aliwageukia watoto wenyewe. Alianzisha mjini Mombasa Madrasa ya Al-Ghazali, na akaandika vitabu vidogo vya mafunzo ya dini kwa Kiswahili. Miongoni mwavyo ni Masomo ya Dini na Hidayatul Atfal, ambacho jina lake lina maana ya uongozi wa watoto. Vitabu hivi na vingine vya aina yake vilisambaa katika vyuo na madrasa za mwambao na vikaendelea kutumika muda mrefu baada ya mwandishi wake kufariki.

Kwa mtazamo wa haraka, vitabu hivi vyaweza kuonekana kuwa mambo ya ibada tu. Mtoto anafundishwa misingi ya imani, udhu, sala, saumu na adabu. Hata hivyo, mafunzo ya namna hiyo yana sura ya jamii ndani yake. Ibada katika Uislamu haimwachi mtu peke yake. Sala ya jamaa humkusanya mtoto pamoja na wazee wa mtaa. Zaka humfunza kwamba maskini ana haki katika mali ya tajiri. Saumu humfanya aone njaa ya mwenziwe. Adabu humpangia namna ya kusema na mama, baba, mwalimu na jirani. Kwa njia hiyo, mtoto aliyesoma kitabu kidogo cha masomo ya dini alikuwa akisoma pia kitabu cha jamaa na jamii.

Kifani, sifa kubwa ya uandishi huu ni uwazi. Sheikh Al-Amin hakuwatwika watoto misamiati ya mafakihi isipokuwa ile isiyo na budi, na Kimvita alichokitumia kilikuwa lugha ya nyumbani ya watoto wa Mombasa. Ni muhimu kukumbuka kwamba hayo yalitendeka wakati ambapo lugha ya shule ilikuwa ikielekezwa kwenye Kiunguja na kwenye hati za Kirumi. Kuandika kwa lahaja ya watoto wenyewe kulikuwa ni kuwaambia kwamba lugha ya mama zao inatosha kubeba elimu.

Mhakiki wa fasihi anaweza kusema kwamba hivi si vitabu vya fasihi, kwa kuwa havina wahusika wala msuko wa matukio. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini historia ya maandishi ya watoto katika lugha nyingi huanza na vitabu vya mafunzo, na hadithi huja baadaye juu ya msingi uliowekwa navyo. Kabla mtoto hajapewa hadithi iliyoandikwa kwa ajili yake, lazima awepo mtu mzima anayeamini kwamba mtoto ni msomaji anayestahili kuandikiwa. Imani hiyo Sheikh Al-Amin alikuwa nayo.

Kadhi na Suala la Jamaa katika Pwani ya Kusini

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika hadi kufa kwake. Ukanda wa pwani wa maili 10, ambao tangu mwaka 1895 Waingereza waliuendesha kwa makubaliano na Sultan wa Unguja, ulikuwa na makadhi waliowaamulia Waislamu mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Kinondo, kwa kuwa iko ufukweni, imo ndani ya ukanda huo. Hivyo mwandishi wa vitabu vya watoto alikuwa pia mkuu wa mahakama zilizoamua ni nani mtoto wa nani mbele ya sheria, na nani arithi nini.

Katika nchi ya Wadigo swali hilo lilikuwa moto. Kwa mila ya Wadigo, ukoo ulihesabiwa kukeni. Mali ya mtu, hasa ardhi na minazi, ilikwenda kwa watoto wa dada yake, na mjomba alikuwa na mamlaka makubwa juu ya wapwa zake pengine kuliko baba juu ya wanawe. Uislamu ulienea miongoni mwa Wadigo katika karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na sheria yake ya mirathi inawapa watoto wa marehemu mafungu yao, wa kiume na wa kike. Mtu alipofariki, wanawe walisimama na sheria ya dini huku wapwa zake wakisimama na mila. Mashauri ya aina hii yalifika kwa wazee, kwa makadhi na kwa mahakama za serikali, na watawala wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja juu ya lipi lifuatwe.

Katika mazingira hayo, somo dogo la mtoto kuhusu haki za baba na mama halikuwa jambo jepesi. Kwa mtoto wa Mombasa, somo hilo lilithibitisha alilolizoea nyumbani. Kwa mtoto wa Kinondo, liliweza kumfanya aitazame upya nyumba yake: kwa nini mnazi uliopandwa na baba uende kwa mtoto wa shangazi, na ni nani hasa mwenye kumwambia neno likawa la mwisho, baba au mjomba. Kitabu cha watoto kiliingia katika ugomvi wa watu wazima bila hata kuutaja.

Ubishi na Mipaka ya Kazi Yake

Sheikh Al-Amin hakukosa wapinzani. Wapo maulamaa waliotofautiana naye juu ya mambo aliyoyaita uzushi, hasa desturi za makaburini na baadhi ya shughuli ambazo watu walizihesabu kuwa sehemu ya dini. Wengine waliona kwamba kuyaandika mambo ya dini kwa Kiswahili cha magazeti ni kuyateremsha hadhi. Hakurudi nyuma, ingawa ukadhi ulimpunguzia nafasi ya kuandika magazetini.

Kuna mipaka mingine ambayo msomaji wa leo anaiona kwa urahisi zaidi. Jamii anayoizungumzia zaidi katika makala zake ni ya Waislamu wa mji, wenye misikiti ya mawe, maduka na nasaba zilizoandikwa. Mtoto wa kijiji cha Wadigo, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kidigo na ambaye mjomba wake ni nguzo ya maisha yake, hakuandikiwa yeye hasa. Kidigo na Kimvita ni lugha zinazokaribiana, na mtoto wa Kinondo hupata Kiswahili mapema. Hata hivyo, kukaribiana si kuwa kitu kimoja. Aidha, wazee wa kaya, ambao walikuwa walimu wa jamaa kabla ya chuo na shule, hawana nafasi katika mafunzo ya mwanamageuzi aliyezitazama mila za kale kwa jicho la shaka. Kwa hivyo, kosa aliloliona katika vitabu vya shule, yaani kumpa mtoto kitabu asichojiona ndani yake, halikuepukika kikamilifu katika vitabu vyake mwenyewe. Kusema hivi si kumpunguzia heshima. Ni kuonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mwandishi mmoja kuchora jamaa ya kila mtoto.

Kifo na Urithi Wake

Sheikh Al-Amin alifariki dunia mjini Mombasa mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Aliacha kazi ambazo hazijakamilika, miongoni mwazo tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili aliyokuwa ameianza. Mwanafunzi wake na jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliziendeleza juhudi zake na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1963. Aliyemfuatia katika cheo hicho, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, naye alijinasibisha na mafunzo ya Al-Amin. Mwaka 1969 Farsy alikamilisha kuchapisha tafsiri yake ya Kurani nzima kwa Kiswahili, kazi iliyosimama juu ya msingi ule ule: kwamba muumini aelewe anachokisoma.

Ndani ya nyumba yake pia aliacha mfano. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa na umri wa miaka 14 baba yake alipofariki. Naye, kama baba yake, aliupata uyatima mapema. Naye, kama baba yake, alibebwa na ukoo. Sheikh Al-Amin alikuwa ametaraji mwanawe asome Al-Azhar, Cairo, awe mwanachuoni wa dini. Njia ya Ali ilielekea Uingereza na Marekani, akawa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa siasa wa Afrika. Alipofariki mwaka 2014, alirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome ya Yesu. Elimu ya dunia aliyoihimiza baba ilimpeleka mtoto mbali, na jamaa ikamrudisha nyumbani.

Hitimisho

Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui yanawaachia wanafunzi wa Kiswahili mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba historia ya maandishi ya watoto katika Kiswahili isianzwe na tafsiri za hadithi za Ulaya wala isiishie katika vitabu vya wachapishaji wa baada ya uhuru. Vitabu vidogo vya madrasa, ambavyo mara nyingi huachwa nje ya silabasi za fasihi, viliwafundisha maelfu ya watoto wa pwani kusoma lugha yao na kuielewa jamii yao. Vinastahili kukusanywa, kuhifadhiwa na kuchunguzwa kwa lugha yake, hati zake na maudhui yake, kabla nakala zilizobaki hazijaliwa na mchwa.

La pili linawahusu waandishi wa leo. Kadhi Mkuu mwenye madaraka na Kiarabu fasaha aliona kwamba si aibu kukaa chini na kumwandikia mtoto wa miaka saba kwa maneno ya nyumbani kwao. Njia hiyo ingali sahihi. Kinachosalia ni kuipanua hadi iwafikie watoto ambao yeye hakuwafikia. Mtoto wa Kinondo bado anamhitaji mtu wa kumwandikia kitabu ambamo baba yupo na haki zake, mama yupo na haki zake, mjomba naye amekaa mahali pake, mwalimu wa chuo anafundisha na mzee wa kaya hajasahauliwa. Kitabu hicho kikipatikana, mtoto atakayekifungua hatalazimika kuchagua baina ya kuelewa na kujiona.